Sahani ya Kimya

Mtaani kwetu Mkomaindo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mwalimu, hata kwa wazee waliomzidi umri, hata baada ya kustaafu. Walimu tulikuwa nao wengi, wa msingi na wa sekondari, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza neno, kila mtu kuanzia gengeni mpaka msikitini alijua unamsema yeye. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa minyaa, ambao kuku waliupita wapendavyo. Mimi pia niliupita, kuomba chumvi, kurudisha ungo, au kukaa tu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa kipindi. Asubuhi alifagia uwanja wake mwenyewe, ameinama, mkono mmoja mgongoni, na mistari ya ufagio ilibaki mchangani imenyooka. Hakutaka ikanyagwe mpaka jua likolee. Mbuzi wa jirani wakiivuruga, aliwasema wale mbuzi kwa sauti ileile ya darasani, wala hakuwatupia jiwe. Viboko hakuwahi kuvipenda, hata enzi ambazo kila mwalimu alitembea na fimbo kwapani. Mume wangu alisoma kwake, na mpaka leo anasema afadhali angechapwa kuliko kutazamwa na Mwalimu wakati hujui jibu.

Lugha ilikuwa ugonjwa wake. Sisi wa huku Kiswahili tumekikuta baada ya Kimakonde, Kimakua au Kiyao, kwa hiyo kila mtu anakisema na ladha ya kwao. Yeye mwenyewe Kimakonde alikisema ndani ya nyumba, na kwenye simu na dada zake wa Newala, kwa raha, akicheka. Akitoka barazani kilikuwa Kiswahili, na kilitakiwa kiwe safi. "Hakuna 'nasemaga', Mama Salma. Sema 'huwa nasema'," aliniambia. Siku aliyomzika mumewe nilimwona akimsahihisha mtu aliyekuja kumpa pole. Yule bwana akairudia sentensi yake vizuri, Mwalimu akasema asante, ndipo akalia.

Lakini neno alilojulikana nalo zaidi lilikuwa "Nionyeshe." Ukimwambia fulani amelogwa, alisema nionyeshe. Ukimwambia dawa fulani inaponya presha, nionyeshe. Mwaka mmoja zilienea habari kwamba kwenye yale mawe makubwa nyuma ya mtaa anaonekana mwanamke anachana nywele saa za jua kali, na watoto wakakatazwa kupita. Mwalimu alichukua mwavuli na karanga za kuchemsha, akaenda kukaa kule kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Aliporudi tulikuwa tumejaa barazani kwake.

"Nimekaa," alisema, akikung'uta maganda kwenye kanga. "Hakuja mtu."

Bi Hadija, bibi mmoja wa nyumba ya tatu ambaye kila jambo alilipeleka kwa mganga, akasema huenda jini naye alisoma kwa Mwalimu, ndiyo maana hakujitokeza. Tulicheka wote, na Mwalimu alicheka zaidi yetu.

Usidhani alikuwa mtu mkavu. Alikuwa na mambo yake ambayo hayakukaa pamoja. Alisema hana subira na watoto wadogo, na kweli maisha yake yote aliomba kufundisha madarasa ya juu. Ila jioni watoto wa mtaa walijaa kwenye baraza lake, penye kipande cha ubao mweusi alichokipigilia ukutani, akiwafundisha kusoma bila kuombwa na mtu. Alikataza watu kuwatisha watoto kwa hadithi za mazimwi. Halafu binti yake alipomleta mjukuu, mimi nikiwa jikoni kwangu nilimsikia ng'ambo ya minyaa akinguruma kama fisi, akilia kama sungura, na yule mtoto akicheka mpaka anapaliwa.

Mtoto huyo alikuwa Zuhura. Mama yake, mtoto pekee wa Mwalimu, alipata kazi ya jikoni katika hoteli moja Mtwara mjini, kazi ya zamu, na chumba alichopanga hakikufaa mtoto. Akamleta kwa bibi yake akiwa bado anasema maneno nusu nusu. Mwalimu alimlea kama yai. Usiku alimlaza kifuani mpaka akawa mkubwa wa kutosha kumwumiza mbavu. Lakini pia alimfungia. Hakumruhusu kuzurura na wenzake, kwa kuwa, kama alivyosema, ni watoto wasiojua saa ya kurudi kwao. Wale wa jioni walikuja kusoma na wakaondoka. Mchana kutwa Zuhura alikuwa peke yake katika uwanja uliofagiwa.

Mara ya kwanza kusikia jina la Kimya ilikuwa wakati mikorosho inatoa maua. Nilikuwa nimekaa na Mwalimu tunachambua choroko. Zuhura alitoka nyuma ya nyumba, akachukua kipande cha muhogo, akasema, "Na cha Kimya."

"Kimya ni nani?" nikamuuliza.

"Rafiki yangu. Anakaa kule kwenye mikorosho."

Nyuma ya nyumba zetu, kabla hujafika kwenye mawe, kulikuwa na shamba la mikorosho lililoachwa. Mwenyewe alifariki, watoto wake wakagombana, na tangu hapo halikupaliliwa. Nyasi zilifika kiunoni.

Mwalimu alinikonyeza. Mtoto alipoondoka na mihogo yake miwili, akaniambia jambo hilo ni la kawaida. Alilisoma chuoni. Mtoto mpweke hujitengenezea mwenzake, humpa jina, hula naye, hugombana naye, na akianza shule mwenzake huyo hupotea mwenyewe. "Ni dalili ya akili," alisema, na nikaona amefurahi, kama mtu aliyeambiwa mjukuu wake ameongoza mtihani.

Akaanza kumpa nafasi huyo Kimya. Akipakua chakula cha mchana aliweka sahani ya tatu, ndogo, ya bati, yenye maua mekundu. Alimsalimia mtoto akirudi kutoka nyuma ya nyumba, "Kimya hajambo?" Zuhura akajibu hajambo, au anaumwa kichwa, au leo alilia. Sahani ilikwenda nyuma imejaa na kurudi tupu. Mwalimu aliona hilo nalo ni sawa, mtoto anakula sehemu mbili, na kweli Zuhura alikuwa amenenepa kidogo kipindi kile, au tulitaka kuona hivyo.

Bi Hadija ndiye aliyekataa. Alikuja siku moja amejifunga kanga kiunoni, kama mtu anayekwenda kazini.

"Mwalimu, huyo si rafiki. Huyo ni jini, na anamtaka mtoto. Nipe nimpeleke juu Newala kwa mtu ninayemjua, akamfunge."

"Amfunge nini, Bi Hadija?"

"Mlango. Asiingiliwe."

"Mtoto ana umri wa kucheza. Mwache acheze."

"Unamwekea jini chakula, Mwalimu. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Waligombana siku hiyo mpaka nikaingia kati. Bi Hadija aliondoka anasema hatakanyaga tena pale. Mwalimu alikaa chini. Alisema nchi hii itaendelea lini ikiwa hata mchezo wa mtoto lazima uwe na mganga. Nilikuwa upande wake. Karibu mtaa wote tuligawanyika hivyo, wengine wakisema jini, wengine wakisema mawazo ya mtoto, na mjadala ukawa mtamu pale gengeni. Hakuna upande uliotamka kwamba Kimya anaweza kuwa mtu. Na Mwalimu, ambaye angemwambia hata shehe amwonyeshe, hakuwahi kumwambia Zuhura neno lile. Hakuwahi kushika mkono wa mtoto na kusema twende, nionyeshe.

Mambo yaliyotakiwa kutushtua yalikuwepo. Zuhura alirudi siku moja amesukwa nywele, mistari midogo iliyolala vizuri, kazi ya mkono wa mtu mzima. "Kimya kanisuka," alisema. Mwalimu alidhani ni wale wasichana wanaokuja jioni, akawashukuru wote kwa pamoja, na wasichana, kama walivyo wasichana mbele ya Mwalimu, waliitikia tu. Siku nyingine mtoto alikuja na neno la Kimakonde la kule bondeni, mtoni, ambalo Mwalimu hakulitumia. Alilifurahia lile neno, akaeleza asili yake.

Kuna jingine ambalo Mwalimu alinisimulia kama kichekesho. Alimuuliza Zuhura kwa nini anaitwa Kimya. Mtoto akasema, "Kwa sababu ananiambia nikae kimya nisimwambie mtu."

"Mbona unaniambia mimi?"

"Kimya kasema wewe nikikwambia hakuna neno. Kasema wewe huamini."

Mwalimu alicheka aliponieleza, akashangaa jinsi akili ya mtoto inavyoweza kujijengea ulinzi. Nami nilicheka.

Ilikuwa mwishoni mwa msimu wa korosho, mvua za kwanza zimeshaanza kunukia. Mwalimu alisali adhuhuri, akajilaza. Zuhura alimwambia anakwenda kula na Kimya, akabeba sahani. Alasiri hakurudi. Mwalimu alimwita kutoka mlango wa nyuma, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, baadaye kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nikaruka minyaa.

Tulimtafuta mtaa mzima. Na hapa ndipo ule mjadala wetu ulipotugharimu. Waliosema jini walikwenda kwenye mawe, na visomo vya Kurani na ubani, wakazunguka kila pango wakiita. Mwalimu yeye alikwenda nyumba hadi nyumba za wanafunzi wake wa jioni, akiamini mtoto amechoka kucheza na hewa, amefuata watoto wenzake. Giza likatukuta hivyo. Asubuhi yake ndipo mume wangu na vijana wawili walipoingia lile shamba lenyewe, wakifyeka nyasi, na katikati, chini ya mkorosho uliolala matawi mpaka ardhini, wakakuta kibanda.

Waliniita, nami nikamwita Mwalimu. Palikuwa na mkeka. Palikuwa na mafiga matatu na majivu, chanuo, gauni dogo lililoanza kushonwa kwa mkono kutoka kwenye kanga kuukuu. Na sahani ya bati yenye maua mekundu, imeoshwa, imegeuzwa kifudifudi juu ya jiwe ili ikauke.

Mwalimu aliiokota. Aliigeuza, akatazama chini yake, akaigeuza tena. "Ameiosha," alisema. Akaibeba mpaka nyumbani.

Baada ya siku chache tulijua mengi, kwa sababu sasa kila mtu alikumbuka. Alikuwa mwanamke kijana aliyekuja na vibarua wa kupalilia mashamba ya watu, kutoka vijiji vya chini karibu na Ruvuma. Wenzake walisema mpole, mchapakazi, haongei. Watoto wake walikuwa wamekufa, wengine walisema wawili, wengine mmoja, na mume alimwacha. Vibarua walipoondoka walidhani yeye katangulia. Kuhusu jina lake, kila mtu alitaja tofauti. Mwalimu ndiye aliyekumbuka jambo la mwisho. Mwanamke huyo alikuja kwake kuomba maji ya kunywa, wakati ule ule mikorosho ilipokuwa inatoa maua. Zuhura alikuwa amekaa kizingitini.

"Nilimpa maji," Mwalimu aliniambia. "Alisema 'Mama, huwa naombaga maji pale kisimani wananinyima.' Nikamsahihisha."

Kisha alikuja yule kijana wa bodaboda. Alikuwa ameona picha ya Zuhura kwenye simu, akaja mwenyewe, kwa hofu, akasimama mbele ya Mwalimu mikono nyuma kama mwanafunzi. Na alikuwa mwanafunzi wake. Alisema aliwabeba mwanamke na mtoto kuanzia njia ya Lisekese, akawapandisha mpaka juu Newala, ambako mwanamke alisema ana ndugu. Kutoka pale mtu anaweza kushuka kwa miguu mpaka mtoni, na mto wakati ule ulikuwa na maji machache.

"Mtoto alikuwa analia?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Alikuwa anaimba."

"Hukuwauliza kitu?"

"Nilimuuliza mtoto. Nikamwambia, huyu ni mama yako? Akasema ndiyo."

Kijana akaanza kulia, akisema angejua, Wallahi angejua.

"Uliuliza," Mwalimu akamwambia. "Nenda, baba. Wewe uliuliza."

Mama yake Zuhura alifika kwa basi la Mtwara akiwa bado na nguo za kazini. Nilidhani atamwangukia mama yake walie pamoja. Alisimama uwanjani, juu ya mistari ya ufagio, akamsikiliza Mwalimu akieleza yote kwa utaratibu, la kwanza, la pili, bila kujitetea. Mwalimu alipofika kwenye sahani, binti alimkatiza.

"Ulikuwa unampikia."

"Ndiyo."

"Mama, mimi ulinichapa kwa macho yako miaka yote kwa sababu sifikiri kabla ya kutenda. Mwanangu anakuja amesukwa nywele, wewe ukafikiri nini?"

Binti hakusubiri jibu. Alilala kwangu siku zile za polisi na matangazo, akarudi Mtwara. Walizungumza tena kwa simu, mara chache, kuhusu habari tu, kama kuna habari.

Habari hazikuwepo. Polisi wa upande wetu waliandikiana na wa nchi ya ng'ambo ya mto, lakini upande wa pili nako kulikuwa na vita, watu wanachinjwa vijijini, wengine wanakimbilia kwetu na vyungu kichwani. Nani angetafuta mtoto mmoja aliyeshikwa mkono na mwanamke anayemwita mama? Mwalimu alivuka mwenyewe kwa mtumbwi, na mume wangu akiwa naye, kabla mto haujajaa. Walikwenda vijiji kadhaa wakionyesha picha. Kijiji kimoja walimwambia wamewaona, kingine wakasema hapana, cha tatu kilikuwa kimechomwa. Hapo wakarudishwa. Alirudi mguu umevimba mpaka gotini, na hakutaka kwenda hospitali.

Baada ya hapo akawa mtu mwingine, na hili ndilo lililonisumbua kuliko machozi. Alikwenda kwa Bi Hadija, mwenyewe, akaomba msamaha, akaomba apelekwe kwa yule mganga wa juu. Nilifuatana nao. Mwalimu wetu alikaa kwenye mkeka, akavua viatu, akanusa alichoambiwa anuse, akarudia maneno aliyoambiwa arudie, mengine ya Kiarabu yaliyovunjika vibaya, na hakusahihisha hata moja. Mganga alisema mtoto yu hai, analala mahali penye miembe, anakula vizuri. Tukarudi. Ndani ya gari, Bi Hadija akiwa amesinzia, Mwalimu aliniegemea.

"Anasema uongo," alininong'oneza. "Lakini alilisema vizuri."

Aliacha kufundisha barazani. Watoto walikuja jioni kadhaa, wakakaa, wakaondoka. Aliacha kufagia. Nilimfagilia mimi, naye hakuona. Siku moja nilimkuta amekaa kizingiti cha nyuma, anazungumza taratibu, anacheka kidogo, nikafikiri ana simu. Hakuwa nayo. Aliponiona alinyamaza, akasema, "Nilikuwa namwuliza kama ameshakula." Sikujua ni nani kati ya wale wawili. Sikuuliza.

Mwisho alihama. Alifunga nyumba, akaniachia ufunguo, akaenda kupanga chumba Newala, kwenye nyumba zile za mwisho kabla ardhi haijakatika na kushuka bondeni. Alisema anataka kuwa karibu. Ukisimama nyuma ya chumba kile unaona bonde lote mpaka mto, na ng'ambo yake nchi ya watu, ya kijani, imetulia, kama vile hakuna linalotokea ndani yake. Dada zake walimtaka akae nao, akakataa. Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi. Nilimkuta kwenye foleni ya maji, ndoo yake mbele, akisukumwa na wasichana, hasemi kitu. Tukirudi chumbani alipika, tukala, akakaa mlangoni akiangalia chini.

Mara ya mwisho ndiyo ninayotaka kuieleza. Alinipigia simu yeye, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya. "Mama Salma, njoo. Wamemleta msichana." Sauti yake ilikuwa ya zamani, ya mtu aliyechelewa kipindi. Nikapanda gari la asubuhi.

Kulikuwa na watu waliovuka mto wiki ile, na kati yao msichana mdogo asiye na mtu. Wenzake wa safari walisema walimkuta njiani. Alikuwa na umri ambao Zuhura angekuwa nao. Afisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mtaratibu, alikuwa anasikia habari za Mwalimu tangu ahamie pale, akamwita aje amtazame.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu haifiki chini, na biskuti mkononi ambayo hakuwa ameila. Nilimtazama mara moja tu nikajua. Zuhura alikuwa na masikio ya bibi yake, makubwa, yaliyochomoza. Huyu yake yalikuwa madogo, yamelala. Uso mwingine, paji lingine, kila kitu kingine. Nikamgeukia Mwalimu nimshike, nikijua ataanguka.

Hakuanguka. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akamshika mashavu.

"Ndiye," alisema.

Nilidhani sikusikia. Afisa akaniangalia, kwa kuwa alijua mimi ni jirani wa siku zote. "Mama, na wewe unamtambua?"

Mwalimu hakugeuka. Niliona mgongo wake tu, na mifupa yake chini ya kanga. Nilifungua mdomo. Sikutoa neno, si la ndiyo wala la hapana, na afisa, ambaye labda alitaka sana jambo lile liishe vizuri, akainama kwa mtoto akamuuliza kwa Kimakonde, "Unamjua huyu bibi?"

Mtoto alimtazama Mwalimu. Alitazama mlango, akatazama biskuti yake. Kisha akasema, "Ee. Ni bibi yangu," akateleza kutoka kwenye benchi na kushika kanga ya Mwalimu kwa mkono mzima, tayari kuondoka.

Nilimsikia Mwalimu akipumua. Alimuuliza kitu kwa Kimakonde, kwa sauti ya chini sana, nikasikia neno la mama. Mtoto alijibu kirefu. Alisema mama yake alimwambia ashike njia asigeuke, na yeye atakuja nyuma na mdogo wake, kwa hiyo akashika njia, na mama atakuja.

Mwalimu akaifungua ile mikono midogo kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja, akamrudisha kwenye benchi.

"Siye," alimwambia afisa. "Huyu ana mama yake. Anakuja nyuma na mtoto mwingine. Andika jina la kijiji, mtoto atakwambia, muulize polepole."

"Lakini Bibi, umesema ndiye. Na yeye amesema..."

"Nimesema uongo. Na yeye ana njaa."

Mtoto aliona anaondoka, akaanza kulia, bila sauti, mabega tu. Mwalimu alipita mlangoni bila kugeuka. Nilimkuta nje ameketi kwenye ngazi, chini ya jua, mikono juu ya magoti, kiganja kikiwa kimefunguka kama mtu aliyeangusha kitu.

Nilikaa karibu naye. Watu walipita na ndoo zao. Nilitaka kumwambia amefanya jambo jema, lakini maneno hayo yaliniishia mdomoni, kwa sababu nilimwona usoni, na hapakuwa na mahali pa kuyaweka.

"Angekuja," alisema. "Uliona? Ningemshika mkono tu, tungeshuka mpaka nyumbani, na njiani mtu akimuuliza, angesema ndiyo."

"Niliona, Mwalimu."

"Haikuwa hata kazi," alisema.